Bibi Huyu Anafanana na Nani?

Tarehe 7 Novemba 1666 Samuel Pepys, mwandishi wa shajara mashuhuri, aliingia kwenye duka la William Faithorne, mchonga picha wa London, kununua picha za kuchapwa ambazo mkewe Elizabeth angejifunzia kuchora majira yale ya baridi. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu moto mkubwa uteketeze sehemu kubwa ya jiji. Pale dukani macho yake yakanaswa na kitu kingine: mchoro wa Barbara Villiers, Lady Castlemaine, hawara wa Mfalme Charles II, kwa chaki nyekundu na rangi nyingine, ulionakiliwa kutoka kwenye picha ya rangi ya mchoraji Peter Lely. Pepys akataka kuununua palepale. Faithorne akakataa. Alikuwa bado anauhitaji ili asahihishie bamba lake la shaba la kuchapia picha, akimaliza atamuuzia.

Tarehe 1 Desemba Pepys akarudi nyumbani na nakala tatu zilizotoka kwenye bamba lile. Kwenye shajara akaandika kwamba, kwa upande wa kichwa, ni picha nzuri sana na inafanana na mwenyewe.

Agosti 1668 mtu huyohuyo alizitazama picha za mabibi wa nyumba ya Duke wa York, nduguye mfalme, zilizochorwa na Lely kwa mkono wake. Akaandika: nzuri, lakini hazifanani.

Kwa wiki kadhaa sasa hukumu hizi mbili zimenikwama kooni.

Mchoraji ni mmoja, mtazamaji ni mmoja. Wanawake hao Pepys alikuwa akiwaona kwa macho yake, kwenye maonyesho ya tamthilia na ndani ya ikulu. Sasa inakuwaje picha ya kuchapwa, iliyotoka kwenye bamba, lililotoka kwenye mchoro, uliotoka kwenye picha ya rangi, ifanane na mwenyewe, wakati zile ambazo mabibi walimkalia mchoraji ana kwa ana hazifanani?

Jibu jepesi ni kwamba Pepys alikuwa amemhusudu Barbara kupita kiasi, wala hakuficha. Lakini jibu hilo halielezi mengi. Ukifuata safari ya uso mmoja kutoka kwenye kiti cha mchoraji hadi kwenye karatasi ya dukani, unaanza kuelewa jinsi alivyoweza kuwa sahihi mara zote mbili.

Kichwa, na yaliyobaki

Yale maneno "kwa upande wa kichwa" nayachukulia kwa uzito, kwa sababu ndivyo Lely alivyofanya kazi. Tangu 1661 alikuwa mchoraji mkuu wa mfalme, na wateja hawakumwisha mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1670 alitoza pauni 20 kwa kichwa, 30 kwa nusu mwili na 60 kwa mwili mzima. Bibi alikaa kitini kwa ajili ya uso. Mwili ulitoka kwenye mikao iliyopewa namba, na wasaidizi wakamalizia mapazia, nguzo, chemchemi na mikunjo ya hariri. Tazama mikono kwenye picha hizo: vidole vyembamba vinavyoishia ncha, vilevile kwa kauntesi wa miaka 20 na kwa mjane wa miaka 50.

Nguo nazo hazikuwa nguo za kutokea barabarani. Ni satini iliyolegea, imebanwa kwa bizimu mbili tatu, shati jeupe linachungulia kifuani, lulu shingoni na masikioni. Lengo lilikuwa picha isizeeke: ukiweka mtindo wa mwaka huu, baada ya miaka kumi bibi anachekesha. Kwa anayejaribu leo kukadiria mwaka wa picha, nguo hizo zinapotosha. Nywele zina ukweli zaidi. Misokoto iliyoachwa ikaning'inia mbali na mashavu ni ya miaka ya 1660; nywele zilizopandishwa juu ya paji la uso kama mnara ni za miaka ya 1690.

Mwaka 1685, miaka mitano baada ya kifo cha Lely, mshairi John Dryden aliandika juu ya mchoraji mmoja mashuhuri aliyefariki karibuni, kwamba picha zake zilikuwa na madaha mengi ila chache zilifanana na wenyewe, kwa kuwa alijichunguza nafsi yake kuliko waliomkalia. Hakumtaja jina. Hakuwa na haja.

Macho mazito, yenye kope zilizoshuka kana kwamba usingizi umekatizwa, yalikuwa ya Barbara. Lely aliyapenda, akayagawa kwa wengine. Ndiyo maana naona hukumu zote mbili za Pepys zinasimama: Barbara alifanana na picha yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kigezo, na wenzake hawakufanana na zao kwa sababu walichorwa wakisogezwa kumwelekea yeye.

Faithorne alisahihisha kwa kutazama nini?

Hapa ndipo lile jibu alilopewa Pepys dukani linapokuwa na thamani kuliko picha yenyewe.

Faithorne hakuhitaji Barbara aje dukani, wala hakuhitaji picha ya rangi. Alihitaji mchoro wa chaki, kwa sababu ndani yake kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika: rangi zote zilishageuzwa kuwa mwanga na kivuli, kwa ukubwa unaofaa bamba. Mchonga picha hana nyekundu ya mdomo wala buluu ya satini. Ana mistari ya wino mweusi na karatasi nyeupe inayobaki katikati yake. Kama mchoro umekosea kwenye pembe ya jicho, bamba litakosea vilevile.

Kalamu yake ni kipande cha chuma cha pembe nne kilichokatwa ncha kwa mshazari, chenye mpini wa mviringo unaokaa kiganjani. Husukumwa mbele, tofauti na kalamu ya kuandikia inayovutwa. Ili mstari upinde, mkono hubaki mahali pake na bamba ndilo huzungushwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Kadiri ncha inavyozama ndivyo mstari unavyopanuka na kushika wino mwingi. Kwenye nguo mistari hupishana. Ikikaribia shavu hukonda, kisha hukatika na kuwa nukta. Uso mzuri wa Faithorne ni nukta na mistari mifupi iliyowekwa kwa subira, na ndiko makosa yanakoonekana kwanza: nukta chache za ziada chini ya pua, na bibi anaota masharubu.

Kosa linasahihishika, lakini kwa taabu. Unakwangua mstari, unalainisha, na sasa pana bonde. Bonde hilo likiachwa litakamata wino na kuchapa doa la kijivu. Basi unatumia bikari yenye miguu iliyopinda kuiona sehemu ileile upande wa nyuma, unageuza bamba, unagonga kwa nyundo mpaka shaba ipande, unasawazisha, unachonga upya. Ukirudia mara nyingi mahali pamoja shaba inachoka. Kwa hiyo alimwambia Pepys asubiri.

Tena kuna suala la kushoto na kulia. Karatasi hupokea picha kinyume cha ilivyo kwenye bamba. Anayejali hunakili mchoro kinyume kwenye shaba ili chapa itoke sawa na picha ya rangi. Asiyejali huchonga kama anavyoona, na bibi aliyeshika ua kwa mkono wa kulia analishika kwa wa kushoto. Wengi hawakujali. Herufi peke yake ndizo zisizosamehe: lazima zichongwe kinyume, ama sivyo hazisomeki.

Bamba linaloanza na giza

Bamba la mistari kama la Faithorne hutoa mamia ya nakala, na likirekebishwa hupita elfu. Lakini picha za mabibi wa Kiingereza zilizojaa madukani tangu miaka ya 1670 nyingi hazikuchongwa hivyo. Zilifanywa kwa mezotinti, njia ya kuchonga bamba kwa vivuli badala ya mistari.

Bamba la kwanza la mezotinti linalojulikana ni la bibi wa kikabaila: Amelia Elisabeth wa Hesse-Kassel, kazi ya Ludwig von Siegen, 1642. Prince Rupert, binamu yake Charles II, alijifunza njia hiyo akaileta Uingereza. Mwandishi John Evelyn aliitangaza kwenye kitabu cha 1662, lakini makusudi hakueleza inavyofanyika. Waholanzi walipohamia London miaka ya 1670, Abraham Blooteling akiwa mbele yao, siri ikawa kazi ya kila siku. Waingereza wakaishika hadi Wafaransa wakaanza kuiita njia ya Kiingereza.

Kazi huanza kwa kuliharibu bamba. Fundi ana patasi pana yenye makali ya mviringo, iliyochanjwa mistari upande mmoja hivi kwamba ikinolewa makali yanakuwa safu ya meno madogo, mara nyingi kati ya 50 na 100 kwa inchi. Anaisimamisha juu ya shaba na kuiyumbisha kushoto na kulia huku ikisogea polepole. Kila jino linaacha kishimo na kuinua mwiba mdogo wa shaba pembeni yake. Akimaliza kwa urefu, anakwenda kwa upana, kisha kwa mshazari, kisha kwa pembe za katikati, akirudia makumi ya mara. Bamba la ukubwa uliozoeleka kwa mabibi hawa, kama sentimita 35 kwa 25, linakula siku kadhaa kabla hata ya jicho moja kuonekana. Likichapwa wakati huo linatoa mstatili mweusi wa kama mahameli.

Hapo ndipo uchoraji unapoanza, na unakwenda kinyume na tulivyozoea. Fundi hachori kivuli, kivuli kipo. Anachora mwanga. Kikwangulio chenye makali kinapunguza miiba: kidogo kwa nywele, zaidi kwa shingo, mno kwa kifua na paji la uso. Mwishoni chuma laini cha kusugulia kinasawazisha kabisa sehemu za mwanga mkali: tone kwenye lulu, ncha ya pua, nukta moja ndani ya jicho, mgongo wa mkunjo wa satini.

Ndiyo maana satini na mezotinti zilipendana. Hakuna mstari unaokatiza. Nguo inang'aa na kuzama polepole, na mabibi wa Lely walikuwa, kwa sehemu kubwa ya turubai, satini.

Penye kasoro hapafichiki. Patasi ikiegemezwa kwa nguvu kupita kiasi inaacha vishimo virefu ambavyo kikwangulio hakivifikii, na shavu linatoka na vipele. Mizunguko ikiwa michache, ukuta wa nyuma unaonyesha milia. Fundi akikwangua haraka, taya linakuwa jeupe mapema mno. Itambidi atie meno upya kwa chombo kidogo, na kiraka hicho hakifanani kabisa na kilichokizunguka. Aliye makini hachapi jaribio kila saa. Husugua kitu cheusi juu ya bamba aone ilipofika.

Uchapaji una vituko vyake. Wino ni weusi wa vitu vilivyochomwa, kama mifupa na machicha ya zabibu, uliosagwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa yakawa mazito. Bamba hupashwa moto wino uingie, hufutwa kwa kitambaa, kisha kwa kiganja. Karatasi hulowanishwa kabla. Vyote hupita kati ya rola mbili nzito chini ya blanketi za sufu. Karatasi ikiwa kavu haiingii vishimoni na weusi unatoka na vidoa vyeupe. Ikiwa maji tele wino hauishiki. Kiganja kikifuta kupita kiasi kinaondoa kivuli laini cha shingo, na shingo inakuwa kama kipande cha karatasi kilichobandikwa.

Uso unachakaa

Jambo lililonitatiza zaidi ni hili.

Miiba ile ya shaba ni dhaifu, na kila nakala inaivunja na kuilaza: kiganja kinaifuta, rola zinaigandamiza. Nakala nzuri zilikuwa mia moja hivi, kisha bamba linaanza kuzeeka. Weusi wa mahameli unakuwa kijivu cha majivu. Vivuli vya katikati vinapotea, na usoni ndiko viliko vingi: chini ya kope, pembeni mwa pua, pale mdomo unapokutana na shavu. Nakala ya kumi inaonyesha mwanamke mwenye mashavu yaliyojaa na jicho lililozama kidogo. Ya mia mbili inaonyesha barakoa nyeupe yenye nyusi.

Fundi akilitengeneza upya hapati tena uso wa mwanzo. Anatia meno kwenye vivuli, anakwangua tena, na mara nyingi hana mchoro wa kutazama. Anatazama nakala ya zamani, ama anakisia. Kidevu kinakuwa kikali, jicho linafunguka zaidi, misokoto ya nywele inapungua. Mtu anayelinganisha nakala mbili za bamba moja kwenye mtandao wa makumbusho anaweza kudhani ni dada wawili.

Hivyo swali la kama picha inafanana na bibi lina jibu tofauti kwa kila nakala. Zile tatu za Pepys zilikuwa za mistari na za mwanzo kabisa. Alizipata siku zilipochapwa. Mnunuzi wa mezotinti iliyochakaa, mkaazi wa mji wa mbali ambaye hakuwahi kuiona ikulu, alipata satini iliyofifia na jina.

Herufi za chini

Jina ndilo lililouza.

Chini ya picha huachwa ukanda uliolainishwa, na mchonga herufi huandika: nani alichora, akifuatwa na neno la Kilatini pinxit, nani alichonga, fecit, na nani alitoa na kuuza, excudit. Richard Tompson na Alexander Browne, wauzaji wakubwa wa mabibi wa Lely, waliweka majina yao kama watoaji na mara nyingi hawakumtaja aliyechonga. Huyu Browne ndiye aliyekuwa amemfundisha Elizabeth Pepys uchoraji. Pepys alichukizwa kumwona fundi huyo akiketishwa mezani kwake kula. Miaka michache baadaye, mwaka 1675, Browne alichapisha maelezo ya namna ya kufanya mezotinti, na duka lake likawa la mabibi wale ambao wanafunzi wake walitamani kuwanakili.

Katikati ya ukanda hukaa cheo, na cheo ni saa nzuri kuliko nguo. Barbara alikuwa Kauntesi wa Castlemaine tangu 1661 na Dachesi wa Cleveland tangu 1670. Louise de Kéroualle akawa Dachesi wa Portsmouth 1673. Sarah Churchill akawa Kauntesi wa Marlborough 1689 na Dachesi 1702. Nell Gwyn, mwigizaji na hawara mwingine wa mfalme, ambaye hakupewa cheo, anabaki "Madam". Herufi zikisema Cleveland, nakala hiyo haikuchapwa kabla ya 1670, hata kama nywele zinadai ni 1665. Mwaka 1689, Mary alipotoka kuwa mke wa mtawala wa Orange akawa malkia, kila mwenye bamba lake alikuwa na sababu ya kukimbilia nyundo.

Kwa sababu herufi zinafutika. Zinakwanguliwa, shaba inagongwa kutoka nyuma, inasuguliwa, zinachongwa nyingine. John Smith, bingwa wa mezotinti wa zama za mchoraji Godfrey Kneller, alichukua mabamba mengi ya Isaac Beckett aliyefariki 1688, akayatengeneza na kuweka jina lake. Hakuna sheria iliyomzuia. Sheria ya kumlinda mchonga picha ilikuja 1735, na hata hiyo isingegusa mauziano ya mabamba. Kama jina la fundi lilibadilika kwa urahisi huo, la bibi lilikuwa na ulinzi gani? Mikao ilikuwa ileile, satini ileile, macho yaleyale ya Barbara. Bibi aliyepitwa na wakati aliweza kuondolewa jina tu, mwili wake ukaendelea kuuzwa.

Pepys mwenyewe, alipopanga mkusanyiko wake wa vichwa vya kuchapwa, ambao leo uko Magdalene College, Cambridge, aliupanga kwa vyeo, familia ya kifalme ikitangulia. Yule aliyejua kutofautisha picha inayofanana na isiyofanana aliishia kuzipanga kwa kusoma herufi.

Mtoto wa pembeni

Kuna mtu mmoja ambaye herufi hazikumtaja kamwe.

Mwaka 1682 Pierre Mignard alimchora Dachesi wa Portsmouth akiwa ameweka mkono begani kwa msichana mdogo Mwafrika anayemtolea kombe lililojaa lulu na tawi la marijani. Picha hiyo iko National Portrait Gallery, London. Msichana amevaa lulu shingoni. Jina lake halijulikani. Watoto wa aina yake wapo kwenye picha nyingine za mabibi wa wakati huo, na wapo kwenye mezotinti pia. Hawakuwa pambo la kubuni tu: Duke wa York, ambaye mabibi wa nyumba yake Pepys aliona hawafanani na picha zao, ndiye aliyeongoza Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Kwenye mezotinti, fundi anayemfikia mtoto huyu ana njia mbili. Anaweza kukwangua kwa uangalifu, kwa tofauti ndogondogo za kivuli, ili paji la uso, shavu na mdomo vijitenge na ukuta mweusi wa nyuma. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kumfanya bibi awe mweupe. Au anaweza kuacha giza la bamba lilivyo, akasugua nukta mbili za macho na mstari wa lulu, akaendelea na satini. Ukipewa picha kama hiyo, anza kumtazama mtoto kabla ya bibi. Kuna mahali pachache ambapo uangalifu wa fundi, au uvivu wake, unaonekana wazi hivyo.

Kwenye kioo

Sababu moja ya nakala nzuri za mwanzo kuwa adimu ni kwamba zilitumika zikaisha. Kitabu cha Stalker na Parker cha 1688, kinachofundisha kazi za vanishi za kufanyia nyumbani, kinaeleza jinsi ya kupaka rangi mezotinti nyuma ya kioo, na mabibi wa London waliipenda kazi hiyo. Picha hulowekwa kwenye maji, hukaushwa kidogo kwa kitambaa, kisha upande wenye wino hulazwa juu ya kioo kilichopakwa utomvu wa tapentaini ya Venice. Mapovu ya hewa husukumwa nje kwa vidole kutoka katikati. Povu litakalobaki litakuwa doa la kung'aa milele. Utomvu ukishika, karatasi hulowanishwa tena kwa nyuma na kusuguliwa kwa ncha ya kidole mpaka iishe, ubaki utando wa wino tu. Mkono mzito hutoboa, na kwa kawaida hutoboa usoni, maana pale wino ni mwembamba. Kisha rangi hupakwa kwa nyuma kwa mapana, bila kuhangaika na vivuli: vivuli fundi wa shaba alishavimaliza.

Nyekundu ya mdomo na buluu ya satini vikarudi hivyo, kwa kukisia. Aliyepaka hakuwa ameiona picha ya Lely.

Ukitaka kununua moja

Wauzaji wa mtandaoni siku hizi wana mabibi hawa kwa wingi, na picha ya simu inaficha mengi. Usianze na uso. Omba kuona kingo kwanza: bamba huacha alama ya kugandamiza kuzunguka picha, na karatasi iliyokatwa ndani ya alama hiyo huenda imekatwa pamoja na herufi. Kisha omba picha iliyopigwa mwanga ukitokea pembeni, karibu na ukanda wa jina. Herufi zilizofutwa mara nyingi huacha mistari hafifu kama mikwaruzo chini ya zile mpya, au ukanda unakuwa na kijivu kisicho sawa pale shaba ilipogongwa. Angalia sehemu yenye giza zaidi: ikiwa imekuwa kijivu huku uso una vivuli vikali, bamba limetiwa meno upya usoni. Linganisha na nakala za British Museum na National Portrait Gallery, ambazo zipo wazi mtandaoni, ukitazama kwanza anwani ya mtoaji. Jina la Smith mahali ambapo nakala ya mapema ina la Beckett linakuambia upo upande gani wa 1688.

Geuza na nyuma pia. Wakusanyaji wa karne ya 18 na 19 waliandika jina la bibi kwa wino au penseli, wakifuata orodha zilizokuwepo wakati wao, na John Chaloner Smith alipoorodhesha mezotinti za Kiingereza kati ya 1878 na 1883 baadhi ya majina hayo yalikuwa yameshabadilika. Jina la nyuma likipingana na la mbele, muuzaji atachagua lenye bei kubwa. Kwa kawaida ni Nell Gwyn.